Uzoefu wangu: parkrun kwa anayezunguka Uingereza peke yake na van

Mbio nyingi hazimfai mtu aliye safarini. Unajisajili miezi mitatu kabla, unalipa, unafuata namba yako ya kifuani siku ya kuamkia mbio, na ratiba nzima ya safari inageuka mtumwa wa tarehe moja. parkrun ni kinyume chake: mbio za kilomita 5, kila Jumamosi, bure, na ukiamua Ijumaa usiku ukiwa umeegesha kando ya ziwa bado hujachelewa. Nimeitumia huduma hii ndani ya safari za van tu, yaani gari ninalolala na kupika ndani yake, kwa hiyo naipima kwa kipimo hicho. Naipa nyota 4 kati ya 5, na ile moja iliyobaki nitaieleza.

Ilianza tarehe 2 Oktoba 2004 katika bustani ya Bushy, London, wakimbiaji 13 tu wakiongozwa na Paul Sinton-Hewitt. Leo iko nchi nyingi. Kwa upande wa Afrika utaikuta Afrika Kusini, Namibia na Eswatini. Usajili ni mmoja maisha yako yote na unafanya kazi kila inapofanyika.

Usajili wenyewe ni dakika tano kwenye tovuti yao: jina, tarehe ya kuzaliwa, mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura. Hapo kwenye mtu wa dharura usijaze ilimradi. Ukiwa peke yako barabarani hakuna atakayejua kwamba van iliyobaki maegeshoni hadi jioni ni ya yule aliyeanguka. Ukimaliza unapewa namba inayoanzia na herufi A pamoja na msimbopau wake, ile mistari myeusi inayosomwa na skana. Fanya haya ukiwa bado na mtandao. Kwenye mabonde ya Wales na milima ya Scotland simu inaweza kukosa mtandao kilomita nyingi mfululizo, na msimbopau usioupakua ni sawa na usio nao.

Na bila msimbopau hutapewa muda. Unaruhusiwa kukimbia, utapigiwa makofi kama wengine, lakini kwenye matokeo nafasi yako itaandikwa mtu asiyejulikana. Hawana huruma katika hili na naona wana haki, kwa sababu wanaofanya kazi pale wote ni wa kujitolea na hawawezi kukaa kuandika majina kwa mkono. Msimbopau wa kwenye simu unakubalika. Shida ni kwamba simu yenye kioo kilicholowa jasho au mvua, mwanga ukiwa umepunguzwa kuokoa chaji, haisomeki. Mimi nina wa karatasi uliofunikwa plastiki, ukubwa wa kadi ya benki, na unakaa ndani ya van mahali pamoja na ufunguo wa akiba. Picha ya skrini kwenye simu ni ya pili.

Sasa saa, maana hapa wageni wanakosea. England na Wales wanaanza saa 3:00 asubuhi, yaani 9:00 kwa saa ya simu. Scotland na Ireland Kaskazini ni saa 3:30. Anayevuka mpaka kutoka Carlisle kwenda Dumfries anapata nusu saa ya ziada. Anayeshuka kusini akiwa bado na saa ya Scotland kichwani anakuta watu wanarudi. Fika dakika 30 kabla, kwa sababu wageni wa njia hupewa maelezo yao pembeni dakika kumi hivi kabla ya filimbi, na hapo ndipo unaambiwa njia inazungukwa mara ngapi. Usipoyasikia, kwenye njia ya mizunguko mitatu utaingia lango la kumalizia ukiwa umebakiza mzunguko mzima.

Kila tukio lina ukurasa wake wenye ramani ya njia, vyoo na maegesho. Usome Ijumaa, na usome kwa jicho la dereva wa van. Jambo la kwanza ni kizuizi cha urefu. Maegesho mengi ya bustani za miji yana chuma kilichovuka juu ya lango, mara nyingi kati ya mita 1.9 na 2.1. VW Transporter yenye paa la kawaida ina kama mita 1.99, ukiongeza kibebeo cha paa umeshavuka. Fiat Ducato ya paa la kati ina mita 2.52, hiyo usijaribu kabisa. Andika urefu wa gari lako kwenye kibandiko juu ya dashibodi, kwa sababu saa 2:40 asubuhi, magari matatu yakiwa nyuma yako, akili haikumbuki. Jambo la pili ni msimbo wa posta, ambao madereva huuingiza kwenye ramani ya simu kutafuta mahali. Vijijini msimbo mmoja unaweza kufunika mashamba na njia kadhaa, kwa hiyo weka nukta ya ramani ya maegesho yenyewe. La tatu ni malipo: maegesho ya misitu mara nyingi yana kamera inayosoma namba ya gari, na mashine inataka mtandao au kadi. Mbio ni bure, maegesho hayajasema hivyo.

Usilale kwenye maegesho ya mbio bila kusoma kibao. Wengi wanadhani Scotland unaruhusiwa kulala popote. Haki ya kutembea na kupiga kambi iliyo kwenye sheria yao ya mwaka 2003 haihusu gari lenye injini. Ninachokifanya ni kulala eneo la kambi au kwenye kiwanja cha baa ambako nimemwomba mwenyewe ruhusa na kula chakula chake cha jioni, dakika 20 au 30 za kuendesha kutoka mwanzo wa mbio. Umbali huo unatosha kuupasha mwili joto la ndani ya gari, na ni mfupi usikakamae tena.

Kukakamaa ndiko adui wa mbio za ghafla safarini, kuliko hata kukosa mazoezi. Saa tano za usukani zinafupisha misuli ya mbele ya nyonga, na shavu la mguu wa kushoto linachoka kwa kukanyaga klachi. Ukianza kwa kasi katika hali hiyo, kinachokatika ni msuli wa shavu la mguu, mara nyingi ndani ya kilomita ya kwanza. Ijumaa simama kila saa mbili, utembee dakika tano. Asubuhi tembea na kukimbia polepole dakika kumi, kisha shika ubavu wa van urushe mguu mbele na nyuma mara 15 kila upande, inuka kwa vidole mara 20, na umalizie na mikimbio minne ya mita 60 inayoongezeka kasi. Usivute misuli kwa kuishikilia muda mrefu ikiwa bado ya baridi.

Kifungua kinywa kiwe saa mbili kabla: gramu 50 za shayiri ya kupondwa kwenye mililita 300 za maji, chumvi kidogo, asali. Ndizi moja saa 2 asubuhi. Kilomita 5 hazihitaji zaidi, na zile pakiti za sukari za wakimbiaji wa marathoni ziache. Ukipika ndani ya van fungua dirisha la paa na uhakikishe king'ora cha kaboni monoksaidi (gesi ya sumu) kinafanya kazi, kibonyeze kijaribu.

Kasi. Kama hujakimbia wiki nzima kwa sababu ya safari, anza kilomita ya kwanza sekunde 20 nyuma ya wastani unaoutaka. Anayetaka dakika 30 apige ya kwanza kwa 6:20, tatu za katikati kwa 6:00 na ya mwisho kwa 5:40. Jumla ni 30:00 kamili. Jipange kwenye kundi kufuatana na muda wako. Hakuna kifaa cha kupima kwenye kiatu wala kwenye namba. Saa ni moja, inabonyezwa wakati wa filimbi kwa wote. Ukisimama nyuma ya watu mia nne kwenye njia nyembamba, sekunde unazopoteza kufika kwenye mstari zinahesabiwa kwako. Hapo ndipo nyota yangu ya tano ilipoondoka. Kwa mtu anayetaka muda sahihi wa kujilinganisha, Bushy yenye watu zaidi ya elfu moja haimfai. Mimi nachagua za vijijini.

Ukimaliza unaingia kwenye uchochoro uliozungushiwa kamba. Usimpite mtu humo ndani hata kama yeye anajikokota, maana foleni ile ndiyo matokeo. Mwisho wake unakabidhiwa kadi ndogo ya plastiki yenye nafasi yako, sema P187. Unakwenda kwa mwenye kuskani: kwanza msimbopau wako, kisha kadi, simu yake inalia, kadi inadumbukia kwenye ndoo. Kadi isiende nyumbani. Ikiondoka na wewe kwenye van, wiki inayofuata watakuwa na shimo nafasi ya 187, na kuna mtu wa kujitolea atakayehangaika kuliziba. Matokeo yanakuja kwa barua pepe, kwa kawaida siku hiyo hiyo.

Hakuna meza za maji njiani, hakuna medali, hakuna pa kutunza mizigo. Mtu hupita mwisho kabisa akitembea kuhakikisha hakuna aliyeachwa, kwa hiyo hakuna muda wa kufungiwa.

Swali ambalo wenye van huuliza ni ufunguo. Usiuache juu ya gurudumu. Mwizi ndipo anapoanza kutafuta hapo, na bima itakuuliza maswali magumu. Ufunguo wa kielektroniki hautaki jasho. Mimi nautia kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga kwa kubana, kisha mfuko wa zipu nyuma ya kaptula, na zipu naifunga kwa pini. Kama van yako inafunguka yenyewe ufunguo ukiwa karibu, usiache wa akiba ndani bila kuufunika kwenye pochi inayozuia mawimbi.

Kuoga: hapa sisi tuliolelewa na ndoo na kopo tuna faida. Lita 1.5 zilizochemka, ukizichanganya na lita 3 za maji ya tangi yenye nyuzi 10, unapata lita 4.5 za nyuzi 40, zinazotosha kabisa. Simama kwenye beseni pana nyuma ya mlango, na maji machafu uyarudishe kwenye dumu lake hadi kituo cha kumwagia. Nguo zilizolowa ni tatizo kubwa kuliko mwili. Fulana, kaptula na taulo vikiachwa ndani usiku vinatoa mvuke unaogeuka matone kwenye vioo na chini ya godoro, na ukungu unafuata. Zikamue, zitie kwenye mfuko usiopitisha maji, zianike nje mchana huo huo ukisimama kula. Usizitundike juu ya jiko la gesi wala kwenye tundu la hita ya dizeli.

Kisha usikimbilie usukani. Tembea dakika kumi, kunywa nusu lita, kula kitu, na baada ya dakika 45 za barabara simama tena. Mkakamao wa shavu la mguu ukiwa kwenye klachi katika mzunguko wa magari ni hatari ya kweli.

Zingatia pia kufutwa kwa mbio. Barafu, upepo au tamasha la bustani linafuta tukio, wakati mwingine asubuhi ile ile. Angalia ukurasa wao ukiamka, na uwe na tukio la pili ndani ya nusu saa.

Kama hamu ya ghafla ya kukimbia imekujia Jumatano na Jumamosi ni mbali, kuna mbio za milimani za kaskazini mwa England, nyingine za jioni kiangazi, ambazo hadi leo baadhi zinaandikisha siku hiyo hiyo mezani. Hizo ni kitu kingine kabisa. Hupangwa kwa herufi: A ina angalau mita 50 za kupanda kwa kila kilomita, B mita 25, C mita 20, S ni kilomita 10 au pungufu, M ni 10 hadi 20, L ni zaidi ya hapo. Mgeni aanze na C fupi. Unaweza kudaiwa koti na suruali visivyopitisha maji, koti likiwa na kofia yake na mishono iliyozibwa, pia kofia, glovu, ramani, dira, filimbi na chakula cha dharura, na wanakagua. Viweke vyote kwenye mfuko mmoja chini ya kitanda cha van, usivitawanye. Na ukiishia njiani, lazima uripoti mezani kabla hujawasha gari. Orodha yao ikibaki na jina moja ambalo halijashuka, watu watapanda mlima usiku kukutafuta.