Lodwar: rivyu ya mtu wa Mombasa aliyekuja kwa miezi sita

Kama unataka mtu wa kukwambia Lodwar, huku Turkana kaskazini mwa Kenya, hakuna joto, mimi siye. Joto lipo. Saa nane mchana ni digrii 35, 37 huko, na usiku ukibahatika inashuka mpaka 24. Lakini mimi nimezaliwa Mombasa, nimekulia Majengo, joto nalijua, na nawaambia la kule na la huku ni vitu viwili tofauti kabisa na hakuna aliyenieleza hilo kabla sijaja, ndo maana naandika.

Nililetwa na kazi ya ualimu. Barua ilipotoka mamangu aliisoma mara mbili akaniuliza, "Kwani umekosa nini?" Manake kwa watu wa umri wake huku ni mahali pa kupeleka mtu aliyekosana na serikali. Mkoloni alimfunga Kenyatta kule Lokitaung, kifungo kilipoisha 1959 badala ya kumwacha aende kwao akamleta hapa Lodwar kizuizini mpaka 1961, sasa mama akajumlisha yake. Nikamwambia mama ni miezi sita tu, ntaomba uhamisho. Huu ni mwaka wa nne na ile fomu sijui hata iko wapi.

Kilichonishika ni ukavu. Wengine watawaambia mandhari, utulivu, watu wakarimu, na ni kweli yote, lakini mimi ni ukavu.

Mtu wa Pwani atanielewa. Kule ukitoka kuoga unajifuta, ukimaliza kujifuta ushalowa tena, jasho linakaa tu mwilini halina pa kwenda kwa sababu hewa yenyewe imeshiba maji. Viatu vya ngozi vya Idi ukivitoa kabatini vimeota kuvu, chumvi imegandana kwenye kopo, shuka ukilala unahisi kama kuna mtu kazinyunyizia. Mvua ya Mombasa ni zaidi ya milimita 1000 kwa mwaka, ya hapa ni kama 200 tu, na hizo 200 zenyewe zinakuja zikijisikia. Hapa jasho linatoka na kupotea kabla hujaliona, ngozi inabaki kavu, na ukikaa tu kivulini chini ya mti mambo yanabadilika kabisa, kitu ambacho kwetu hakipo manake kwetu kivulini na juani unachemka vilevile.

Siku ya kwanza kufua niliona kama kiini macho. Nilikuwa na shuka sita, nikaanika moja moja huku nabana vibanio, kufika ya sita nikarudi kuigusa ya kwanza, imekauka. Nikacheka peke yangu uani mpaka jirani akachungulia. Ejoka, akaniambia, hiyo ndo salamu ya hapa, na wewe unajibu ejoka noi, nilikuwa sijajifunza bado nikamjibu "njema" tu nikiwa na shuka mkononi.

Huyo jirani, mama wa makamo na tunaheshimiana sana sasa, ndiye aliyenifundisha kutumia huo ukavu badala ya kupigana nao. Jerikeni ya maji aliivisha gunia, gunia akalilowesha, akaiweka pahali penye upepo, ifikapo jioni maji yamepoa kabisa ya kunywewa. Maji ya kwenye gunia yanapokauka yanaondoka na joto la yaliyo ndani, basi, hakuna uchawi. Nami nikaongeza la kwetu, nikachukua leso, nikailowesha, nikaitundika dirishani usiku upepo upite ndani yake. Mombasa ukifanya hivo unaongeza unyevu tu. Hapa chumba kinapoa mpaka alfajiri unatafuta kitu cha kujifunika miguu.

Lakini ukavu huohuo una upande wake mbaya na usipouheshimu utakutia adabu. Kwa vile hujioni ukitoka jasho, unadhani hutoki. Wiki yangu ya kwanza kichwa kiliniuma siku tatu, mkojo rangi ya chai ya rangi, nikafikiri malaria, kumbe sinywi maji. Midomo itapasuka, visigino vitapasuka, puani asubuhi damu kidogo. Mafuta ya kujipaka beba mazito, hayo ya maji maji ya manukato achana nayo, hapa hayafiki saa nne.

Sasa ziwa. Watu wanakuja kuliangalia Ziwa Turkana wanapiga picha Eliye Springs pale kwenye mikoma na chemchemi za maji matamu, wanaondoka, na mimi pia nilifanya hivo mara ya kwanza. Kilichonifanya nilikodolee macho ni siku niliyoambiwa kwamba ziwa hili halina mto wa kutoka. Omo inaingiza maji kutoka Ethiopia, karibu yote ni yake, Turkwel na Kerio zinaongezea kidogo msimu wake, na hayatoki popote ila kwenda juu, jua na upepo vinanyonya zaidi ya mita 2 za kina kila mwaka. Mita mbili! Ndo maana maji yana ladha ya magadi. Na bado ndilo ziwa la kudumu la jangwani kubwa kuliko yote duniani, yani kama ndoo iliyotoboka inayojazwa kwa kasi ileile inayovuja. Kuogelea uliza wenyeji kwanza, mamba wapo na hawana utani.

Kalokol, njiani kwenda ziwani, kuna hadithi ambayo kila mgeni mwenye mipango mikubwa angesimuliwa kabla hajashusha mizigo. Wanorwe walijenga hapo kiwanda cha kugandisha samaki miaka ya 80 mwanzoni, kikubwa, cha kisasa, kikafanya kazi muda mfupi tu kikafungwa kwa sababu gharama ya kugandisha samaki ilizidi bei ya samaki mwenyewe, alafu na maji safi yenyewe ya kazi hiyo ni ya kutafuta. Na huku mtu akipasua samaki, akimtia chumvi, akimtandaza juani anakauka bure. Mimi mwenyewe nilikuja na friji ya milango miwili kwa lori kutoka Kitale, Kapenguria, Kainuk, Lokichar, njia yote nikiilinda kama mtoto mchanga. Vumbi na stima ya kupotea potea vikaiua mwezi wa tano. Sasa naweka vitabu humo, vimetulia, hakuna kuvu.

Usiku ndo raha yenyewe. Kuanzia mwezi wa kwanza hivi nalala nje, kitanda uani, neti juu, na si mimi peke yangu, nusu ya mtaa iko nje, unasikia watu wanaongea chini chini mpaka usingizi unawapitia mmoja mmoja. Upepo unaanza usiku na kuzidi kuelekea alfajiri, upepo huohuo ng'ambo ya ziwa upande wa Loiyangalani wameuwekea mitambo 365 ya kuzalisha umeme. Na nyota. Babu yangu alikuwa akinionyesha kilimia tukiwa wadogo, kile kikundi cha nyota wakulima wanachokitazama kujua msimu, na mimi nilikuwa naitikia tu kwa adabu kwa sababu nilichokuwa naona ni kama doa la maziwa angani. Hapa nimelala chali nikahesabu sita, moja moja, na jicho langu tu. Babu keshafariki, ningempigia simu usiku uleule.

Nyota ngapi nawapa Lodwar? Nne. Ya tano nimewanyima kwa sababu ya mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa na watu wa misitu kuzuia jangwa na sasa umejaa kila ukingo wa mto, mwiba wake unapita kandambili na tairi ya bodaboda bila kuomba ruhusa. Nge pia, kung'uta viatu kila asubuhi bila kukosa. Maji ya boza, lile lori la tangi, jamaa mmoja aliniuzia nusu akanihesabia tangi zima, hilo nalo lina somo, hesabu ndoo mwenyewe. Na laga za Kawalase, yani mito mikavu ya msimu, usizidharau, mchanga mkavu saa tisa, anga jeupe hakuna hata wingu, kumbe mvua imenyesha milimani huko mbali, saa kumi na moja ni mto wa kahawia unabeba magogo. Ukiona wenyeji wamesimama ukingoni hawavuki, simama nao, hata kama una haraka ya kufa.

Mama alikuja kunitembelea mwaka jana, wiki moja. Siku ya kwanza hakusema kitu, alikaa tu anajipepea na upepeo wake aliotoka nao nyumbani, nikajua kesho ataomba tiketi ya kurudi. Siku ya pili akafua leso zake mbili. Akazianua kabla chai haijachemka, akazigeuza geuza, akazinusa. Siku ya tatu nikitoka shule nikakuta madirisha yote wazi, kafua mapazia. Siku ya nne alikuwa uani na jirani yangu, hawana lugha moja ya maana kati yao, mmoja kashika ncha hii mwingine ile, wanakamua zulia langu.