OPT ya Marekani: nyota tatu na nusu kutoka kwa mhasibu wa Tanga

Siku kadi ilipofika nilimpigia mama Tanga. Akauliza, "Umepata kazi?" Nikamjibu, "Bado mama, nimepata kibali cha kufanya kazi." Akanyamaza kidogo. "Na hicho kibali kinaliwa?"

Hakiliwi. OPT ni ruhusa ya miezi 12 kwa mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, aliyemaliza shahada, afanye kazi inayohusiana na alichosomea. Kazi hupewi wala hutafutiwi. Unachonunua ni muda, na muda wenyewe una saa inayokimbia. Laiti ningelijua hilo mapema!

Bei kwanza. Niliomba mtandaoni Machi 2024 nikalipa dola 410, kama shilingi milioni moja ya kwetu. Tarehe 1 Aprili ada ikapanda hadi dola 470 kwa wanaoomba mtandaoni, kwa hiyo hapo niliponea chupuchupu. Wenye haraka wakati huo, 2024, waliongeza dola 1,685 ili wajibiwe upesi. Mimi nilizitazama hizo nikakumbuka kodi ya nyumba. Fomu yenyewe, I-765, haina ugumu. Angalia tu I-20 mpya, ile hati ya mwanafunzi inayotolewa na chuo: ofisa wa chuo akishaandika pendekezo lake, una siku 30 za kutuma maombi. Na usisahau kuisaini.

Sasa kosa langu. Tarehe ya kuanza unachagua mwenyewe, mradi iwe ndani ya siku 60 baada ya masomo kuisha. Nilimaliza 10 Mei. Kwa tamaa nikachagua 13 Mei, nikidhani nawahi. Mwenzangu wa chumba, binti wa Eldoret aliyesoma takwimu, akachagua 1 Julai. Nilimcheka. Kumbe tangu siku ya kuanza iliyoandikwa kwenye kadi unaruhusiwa siku 90 tu za kukaa bila kazi, kwa jumla, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Mimi nasambaza maombi ya kazi huku saa inanila. Yeye anapika ugali anaimba, saa yake haijawashwa.

Niliandika siku kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni. Nilipofikia 63 usingizi ukakata. Aliyeniokoa ni mama mmoja Mkongomani tunayesali naye hapa Columbus: akaniambia kuna ghala la chakula cha msaada linatafuta mtu wa kuwawekea hesabu, bila malipo. Na katika miezi hii 12 ya mwanzo kujitolea kunakubalika, ikiwa kazi inahusiana na fani yako na inafikia saa 20 kwa wiki. Jumatatu ya 15 Julai nikaanza kulinganisha stakabadhi za mchele na maharage na taarifa za benki. Nikaliingiza jina la ghala kwenye mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni (una siku 10 tu za kutoa taarifa), saa ikasimama. Mshahara sifuri, lakini sijawahi kufurahia kazi namna ile.

Agosti nikapata kazi ya kulipwa, ofisi ndogo ya uhasibu. Slipu ya kwanza ya mshahara, macho yakaenda kwenye makato. Asilimia 6.2 ya pensheni ya jamii, 1.45 ya bima ya afya ya wazee. Mwanafunzi wa F-1 ambaye kikodi bado anahesabiwa mgeni, kwa kawaida miaka mitano ya mwanzo, hakatwi hizo hata akiwa kwenye OPT. Nikampelekea bosi kanuni zimechapwa kwenye karatasi. Mhasibu kumfundisha mhasibu si jambo jepesi, lakini alinirudishia yote. Kagueni slipu zenu, jamani. Wengi wanakatwa na hawajui.

Nyota moja na nusu nimeinyima kwa sababu hii: bidhaa ni moja, ila haimpi kila mtu sawa. Takwimu imo kwenye orodha ya fani za sayansi na teknolojia, kwa hiyo yule binti anaweza kuongezewa miezi 24, maana mwajiri wake amesajiliwa E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki vibali vya wafanyakazi, na wamekwisha kukaa kujaza I-983, fomu ya mpango wa mafunzo kazini. Uhasibu haumo. Namba nashinda nazo mchana kutwa, lakini haumo.

Naandika haya Februari 2025. Kadi yangu inaisha 12 Mei, kisha siku 60 za kufungasha. Njia iliyobaki ni mwajiri aniingize kwenye bahati nasibu ya viza ya kazi, H-1B, mwezi Machi, dola 215 za kujiandikisha. Nimemwomba bosi. Amesema atafikiria. Mama naye keshaanza kuulizia bei ya tiketi.