Fundi aliyepaka lami juu ya tundu la boti yangu

"Mama, wewe kaanike dagaa, boti tuachie wanaume." Hayo ndiyo niliyoambiwa na fundi wa pale Kibirizi, Kigoma, mbele ya vijana wangu, kwenye boti niliyoinunua kwa hela yangu.

Boti ni ya mbao, imeshatumika. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, ile miezi mitatu ya 2024 kuanzia Mei 15, ilikaa mchangani mpaka mbao zikaachana. Kuvuja mwanzoni nilikutegemea: boti kavu hunywa maji, mbao zikajaa, ikajifunga yenyewe siku mbili tatu. Hii haikujifunga. Vijana wakawa wanachota maji usiku kucha badala ya kuvuta wavu.

Sitaki kumwonea fundi. Upande wa mbele alishindilia pamba vizuri katikati ya mbao, hadi leo hapavuji. Lakini nilimwambia maji yanaingia nyuma, karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, naye hakuinama hata kuangalia. Akanijibu vile, akachukua lami ya moto akapaka juu ya mbao iliyolowa. Lami haishiki mbao mbichi! Ilibanduka mara tu tulipoingia majini.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Katonga. Alitaka boti ivutwe nchi kavu na ikauke kwanza, ndipo akamimina maji ndani, ya kufika vifundoni tu maana uzito ukizidi unaachanisha mbao. Akazunguka nje na chaki. "Mwanangu, maji ya ndani yanadanganya," akasema, kwa kuwa hutambaa kwenye mataruma, zile mbavu za boti, yakatuama mbali na yalikoingilia. Ukimimina ndani, yanatokea nje palepale penye tundu. Na yakatokea: msumari ulioliwa na kutu, mbao kuuzunguka imeoza, yote chini ya ile lami. Akakata palipooza, akaweka kipande cha mninga, akashindilia pamba kwa patasi, ndipo akaziba. Ndani sasa pakavu.

Nilikusudia kuandika kwamba yule wa Kibirizi apewe kazi ndogondogo, mkono anao. Hapana. Ziwa hili kina chake kinapita mita 1,400, na vijana wangu walikuwa humo usiku wakielea juu ya msumari uliooza alioufunika bila kuutazama. Asipewe kazi yoyote. Hela ya lami namdai, na ataitoa.