Masaji ya farasi Nakuru: pesa yako inalipia nini haswa

Nianze na bei juu najua ndo mtauliza kabla hamjafika mstari wa pili. Elfu tatu mia tano kwa farasi mmoja, na nauli juu yake kama hauko Njoro ama Nakuru mjini, unamtumia dada wa masaji kwa M-Pesa akishamaliza, haombi chochote mbele. Kwa mtu wa farasi wa kubebesha watoto wikendi kama mimi hiyo si pesa ya kuchezea, ni karibu marobota kumi ya nyasi mwaka ambao mvua imekuwa nzuri. Jibu fupi: ningemlipa tena na nimeshamlipa tena. Lakini sababu yangu na sababu yake yeye hazifanani hata kidogo, ndo maana nimeona niandike.

Farasi wangu ni wawili, wanakaa Kiamunyi kwa shamba la mjomba. Kimbo ni yule mweupe, alikimbia mbio Ngong akiwa kijana, akastaafu akauzwa huku juu. Malkia ni wa kahawia, mpole, watoto wanampenda kushinda Kimbo. Kazi yao ni bathdei, harusi, sikukuu, siku zingine wanapumzika. Sasa Malkia akaanza tabia, ukikaza mkanda wa tandiko anarudisha masikio nyuma na anageuza kichwa anatafuta mkono wa kuuma, na pale kwa kinundu cha mabega, tandiko linapokaa, nywele nyeupe zikaanza kuota. Nywele zikigeuka nyeupe pale ujue kuna mahali tandiko limefinya muda mrefu. Kimbo naye hatua zake za mbele zikawa fupi, hasa akiteremka. Kila mtu alikuwa na dawa yake, mwingine kiboko, mwingine mafuta ya kuchua, mwingine eti ni jicho la watu.

Saisi wetu, yule anayetunza farasi, ndo alitaja huyu dada wa masaji, wa Njoro. Jina na namba siweki hapa, ukiuliza masaisi wa upande wa Njoro na Gilgil utampata tu.

Siku ya kwanza alichelewa vibaya. Alisema saa mbili asubuhi, akatokea saa nne na kitu buti zikiwa na matope mpaka magotini, boda ilikwama. Sawa, mvua ni mvua, lakini simu si inafanya? Nikimpa nyota kwa tano, moja nimeitoa hapo na siirudishi.

Akifika hagusi farasi. Kwanza anaomba atembezwe kwa murram, kwenda na kurudi, afu azungushwe duara ndogo kila upande, afu arudishwe kinyumenyume hatua chache, yeye amesimama tu na daftari. Akamaliza akauliza kuhusu meno, minyoo, kwato zilikatwa lini na nani, anakula nini, analala wapi. Maswali mengi mpaka saisi akaninong'oneza, "Huyu amekuja kuandikisha kura?"

Masaji yenyewe ukitarajia kukandwa utashangaa. Hakandi. Anaanza nyuma ya sikio, anashusha mkono polepole kando ya shingo mpaka mgongoni na matakoni, mkono umegusa nywele tu, na macho yake yako kwa macho ya farasi. Farasi akipepesa macho anasimama hapo hapo, anangoja. Dakika nzima, saa zingine zaidi, hakuna kinachofanyika, unaanza kufikiria ile elfu tatu mia tano yako. Afu ghafla Malkia akaanza kulamba midomo, akashusha kichwa, akapiga miayo mara tatu mfululizo mpaka meno yote nje, akajitingisha. Dada akasogeza mkono sentimita chache, akaanza tena kungoja. Ni mtindo wa Mmarekani anaitwa Jim Masterson, huyu dada aliupata kwa vidio na kwa mzungu mmoja wa Gilgil aliyemwonyesha kwa mikono, na siri yake kubwa ni kwamba ukisukuma farasi naye anasukuma, ukigusa kidogo chini ya kile anachoweza kukataa hana cha kupigana nacho. Na hapo ni kweli, mnyama anayesikia nzi akitua na anatikisa ngozi ya pale pale tu nzi alipo hahitaji umwegemee na kiwiko.

Mzee wetu wa saisi akasema, "Msichana wangu, sisi tulikuwa tunasokota nyasi tunampiga nayo shingo na matako kila asubuhi, nyama inakuwa ngumu na inang'aa."
"Hata mimi nimeiona hiyo mzee," dada akajibu, "lakini mnyama mwenye uchungu usianze na hiyo."
Mzee akanyamaza lakini nilimwona baadaye akijaribu kwa Kimbo kisirisiri.

Sasa maneno yake. Hapa ndo mimi na yeye tunaachana. Anasema anayeyusha fashia na kutoa sumu. Fashia ukitaka kujua ni nini, chuna mbuzi, ule utando mweupe mwembamba unaotenganisha ngozi na nyama, na nyama moja na nyingine, ndio huo, na unaendelea mpaka unashikana na kano na mifupa. Kwa farasi ni kitu kikubwa sana juu mguu wake wa mbele haujaunganishwa na mwili kwa mfupa, farasi hana mtulinga, ule mfupa wa kuunganisha bega na kifua, kifua chote kinaning'inia katikati ya miguu kwa misuli na huo utando. Na kutoka goti kushuka chini hakuna msuli wa maana, ni kano tu. Kwa hivo anaposema tishu unganishi za farasi ni za kuchungwa namuunga mkono kabisa. Zikikaa bila kutembea zinakaukiana, majimaji ya utelezi kati ya tabaka yanakuwa mazito, mnyama anatembea kama hataki. Lakini utando wenyewe ni kolajeni, kitu kigumu, na mkono uliogusa nywele tu hauwezi kuurefusha wala kuuyeyusha, tusidanganyane. Na sumu gani? Hiyo ni kazi ya ini na figo na hazijagoma.

Kile ninachoamini kinafanyika ni mishipa ya fahamu kutulia. 1993 kuna watafiti walichapisha kazi yao ya farasi wa Camargue kule Ufaransa, waliwakuna pale karibu na kinundu cha mabega, mahali farasi wenyewe kwa wenyewe hupenda kukunana, na mapigo ya moyo yakashuka, wakikuna mahali pengine hayakushuka. Moyo ukitulia misuli inaachilia, misuli ikiachilia ule utando nao unapata nafasi. Kwangu hiyo inatosha, haihitaji sumu. Na utafiti wa masaji ya farasi kwa jumla bado ni mdogo, kwa hivo mtu akikuahidi muujiza mwambie arudishe gari.

Kimbo ndo alinifanya nimwamini. Alipofika mguu wa mbele wa kushoto aliweka kiganja juu ya ukwato, afu vidole viwili nyuma ya kifundo, akangoja, akaenda mguu wa kulia akafanya vile vile, akarudi wa kushoto. Ukwato una joto na mshipa unadunda kwa nguvu kushinda ule mwingine. Akaniambia, "Huyu simgusi leo. Ita daktari wa mifugo, na usimpande." Akafunga daftari, na kwa Kimbo akakataa pesa. Daktari alipokuja akachimba chini ya ukwato usaha mweusi ukaruka, jipu, pengine kokoto iliingia kitambo. Akaosha, akafunga, akadunga ya pepopunda, na yule farasi ambaye wasee walisema ana bega bovu akaanza kukanyaga vizuri. Hebu fikiria kama angekuwa mtu wa kutafuta pesa tu, angemkanda bega wiki baada ya wiki na mimi nalipa.

Pia kuna sheria ya 2011, kutambua na kutibu ugonjwa wa mnyama ni kazi ya aliyesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo. Mtu wa masaji anayejua mpaka wake uko wapi mshike. Alinipa na yangu ya kukumbuka: homa, kidonda, uvimbe wa ghafla, hakuna masaji. Na farasi akishikwa na misuli baada ya kazi, matako yamekaza, jasho jingi, hataki kusonga, mkojo unatoka rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, usimkande, usimtembeze hata hatua, piga simu kwa daktari saa hiyo hiyo.

Kwa Malkia alichukua kama saa moja na nusu, afu akaomba aone tandiko. Nikalileta nikijivuna kidogo, ni la mtumba lakini ngozi nzuri. Akaligeuza akapitisha mkono chini, akaniambia nami nipitishe, kulikuwa na madonge kama mawe upande wa kulia na upande wa kushoto pamejaa vizuri. Akaliweka mgongoni bila kitambaa, akanionyesha mwanga lazima upite katikati juu ya uti kutoka mbele mpaka nyuma, na tandiko lisivuke ubavu wa mwisho, wa 18, juu huko nyuma hakuna mbavu za kubeba uzito. Langu lilikuwa limevuka. "Hata nikija kila wiki," akasema, "ukimrudishia hili nitakuwa nakula pesa yako bure."

Nililipeleka kwa fundi wa ngozi hapo karibu na soko, mtu wa viatu na mikoba, hajawahi kuona tandiko maishani lakini ukimwonyesha anaelewa haraka, akafumua, akatoa madonge, tukajaza sufu ya kondoo ya Molo iliyooshwa na kuchambuliwa. Halikuisha tatizo la urefu, hilo nalisimamia kwa kuweka watoto wadogo tu mpaka nipate lingine. Lakini masikio ya Malkia nikikaza mkanda siku hizi yanaangalia mbele, karibu kila mara.

Kazi ya nyumbani aliyoniachia ni ya bure na kwa maoni yangu ndo ilikuwa na thamani kushinda mikono yake. Siku hiyo na kesho yake hakuna kupanda, anafunguliwa atembee mwenyewe, maji yasikatike. Baadaye karoti: unashika karoti anaifuata na kichwa mpaka kifuani, mpaka katikati ya miguu ya mbele, afu ubavuni kila upande, bila kusogeza miguu, anashikilia kidogo ndo anapewa. 2011 watafiti Marekani walifanyisha farasi 8 mazoezi ya namna hiyo kwa miezi 3, na misuli midogo iliyo kando ya uti wa mgongo ikaongezeka unene, yani hii ya karoti imepimwa na ikaonekana. Karoti za Mau Narok sokoni ni bei ya kutupa. Uzuri wa hii kazi ni kwamba kijana wangu wa darasa la sita anaifanya akitoka shule, na Malkia akimwona na mfuko tu anaanza kugeuza shingo mwenyewe kabla hajaambiwa.

Jirani naye akaleta punda wake wa kuteka maji, tulikuwa tunacheka lakini dada hakucheka. Akamwangalia, mikono hata hakuweka sana, akaonyesha kamba ya mkokoteni imekaa chini kwa ncha ya bega inasugua kila hatua. Akasema ipandishwe juu kidogo, iwe pana, ishonewe gunia lililokunjwa au blanketi kuukuu. Hakulipisha. Jirani ameshona, kidonda kimekauka, na ameanza kujiita mtaalamu.

Lalamiko lingine ni kwamba akimaliza anakuuzia masaji tano kwa bei ya nne, ulipe zote mara moja. Mimi nilikataa na nikamwambia kwa nini: kama tandiko limerekebishwa na kwato ziko sawa farasi wa kazi nyepesi kama wangu hahitaji mtu kila wiki. Hakununa, alisema basi niite msimu wa sikukuu ukiisha, na ndivyo nafanya. Wenye farasi wa polo ama wa kuruka, wale wanaofanya kazi ngumu kweli, pengine hesabu yao ni tofauti.

Na ukimwita, tafadhali andaa mahali patulivu, kamba isifungwe kwa mti, mtu ashike huku imelegea, mbwa wafungwe, na watoto waambiwe mapema hii si shoo. Kwetu walikaa ukutani dakika kumi wakachoka wakaenda.

Wa Kisumu mlioniuliza kama anafika huko, wale wa farasi wa picha na wa kubebesha watoto, anakuja lakini si kwa farasi mmoja. Mkiwa na wanne hivi siku moja mtagawana nauli ya kutoka Njoro na chakula chake. Mwambieni mapema kama kuna farasi anayechechemea, maana huyo hatamgusa, atawaambia muite daktari kwanza na safari itakuwa imepungua farasi mmoja wa kulipia.