Tom na Jerry za zamani: bado hazijapata mpinzani
Nimerudia kuangalia katuni za Tom na Jerry, paka na panya wasioelewana, zile za William Hanna na Joseph Barbera, 114 zilizotengenezwa kwenye studio ya filamu ya MGM kuanzia 1940 hadi 1958, na bado nacheka mpaka mbavu zinauma. Maneno ni machache mno, kwa hiyo bibi na mjukuu wanacheka pale pale, kwa pamoja.

Anza na The Cat Concerto, iliyoshinda Oscar. Tom kavaa suti, anapiga piano muziki wa mtunzi Liszt kwa maringo. Jerry, aliyekuwa amejilalia ndani ya piano, anarushwarushwa na nyundo za piano zinazogonga nyuzi. Analipiza: anaweka mtego wa panya kati ya vitufe. Kidole cha Tom kinakwenda kushoto, kulia, kinaukwepa, kisha pap! Ule muda wa kusubiri ndio utamu wenyewe. Na lile yowe maarufu la Tom ni sauti ya Hanna mwenyewe!

Muziki wa Scott Bradley unafuata kila hatua na kila kikumbo. Kinachoniuma ni baadhi ya vipande vinavyowadhihaki watu weusi. Ukiangalia na watoto, viruke. Zilizobaki, nazipa nyota tano.