Majoka ya kusema nayo: vitabu nilivyosoma Amu msimu wa kusi

Kitabu changu cha kwanza cha majoka kilifika Amu, yaani Lamu, kimelowa. Kilitoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, kikateremshwa gatini, kikatupwa botini juu ya gunia la vitunguu, na siku hiyo upepo wa kusi ulikuwa umekaza. Nilipokifungua nyumbani kurasa zilikuwa zimegandana kama chila zilizokosa mafuta. Nikazianika darini, nikazilalia na vijiwe zisipeperuke, na ndivyo nilivyokisoma kitabu kile: ukurasa baada ya ukurasa, kadiri unavyokauka.

Mwenye chanzo ni mpwa wangu, mtoto wa dada, yuko gredi ya saba. Aliona filamu moja ya majoka kwenye simu na tangu hapo hana habari nyingine. "Mjomba, nitafutie vitabu." Nami kazi yangu ni kuuza vifaa vya umeme Langoni. Msimu wa kusi hoteli za Shela nyingi zinafunga, hakuna anayeulizia balbu, basi nikaona na tusome. Miezi minne tumeshika vitabu tisa. Vingine tumevimaliza, viwili vimerudi kabatini vikiwa nusu. Vyote ni vya Kiingereza. Mimi nasoma na kutafsiri papo hapo, mpwa anasikiliza na kubisha, na ami yangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi miaka yake yote, amekaa pembeni na kahawa yake akijifanya hasikilizi.

Tulikwama kwanza kwenye jina. Nilianza kwa kusema "dragoni". Ami akauliza dragoni ndiyo nini. Nikamwambia ni nyoka mkubwa mwenye mbawa, anatema moto, analalia dhahabu. Akasema, "Si useme joka, ukapumzika?" Basi ni joka. Lakini joka tulilolijua sisi, lile la vichwa saba alilokuwa akitusimulia bibi usiku, halikuwa na maneno. Lilikuwa na njaa tu. Haya ya vitabuni, yale mazuri, yanasema, yanauliza, yanadanganya, yanajisifu. Nikajikuta nimepata kipimo changu bila kukitafuta: kama joka haliwezi kunijibu, naliona ni mamba aliyeota mbawa, na sikutoa pesa yangu kusoma habari za mamba.

Kwa kipimo hicho, cha kuanza nacho ni A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, Mmarekani. Kilitoka mwaka 1968, na bado sijaona kilichokipiku. Ni kitabu chembamba, unakimaliza kwa siku tatu za mvua. Hadithi yote iko visiwani. Hakuna farasi wala majeshi ya barabarani. Mtu akitaka kwenda kokote anapanda chombo, anaangalia upepo, anauliza mkondo. Kijana Ged anatoka kisiwa cha wachunga mbuzi, anakwenda kusomea uganga kisiwa kingine, na kwa kiburi cha ujana anafungulia kivuli ambacho baadaye kinamwandama baharini. Na Ged si mzungu. Ni wa rangi ya shaba iliyoiva, rafiki yake mkubwa ni mweusi kuliko yeye, na weupe katika visiwa vile ni watu wa pembeni waliokuja kushambulia. Le Guin aliandika hivyo kwa kusudi, na alilalamika miaka mingi kwamba wachoraji wa majalada na watu wa televisheni wanambadilisha rangi kijana wake. Mpwa aliposikia alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe huyu angeweza kuwa wa Pate."

Pana mahali Ged amevunjikiwa na chombo, anapewa mashua kuukuu na mzee mmoja aliyekuwa na mtoto wa jicho. Ged anamtibu macho, na mzee anaomba kitu kimoja tu: mashua ipewe jina la kutazama mbali, ichorwe macho mawili omoni, mbele ya chombo, kila upande moja. Hapo ami aliweka kikombe chini. "Huyo mwanamke aliyekiandika alifika Amu?" Nikamwambia sidhani. Akasema vyombo vyetu vina mato, yaani macho, tangu zamani, hakuna nahodha atakayeingia baharini na chombo kipofu. Ni kweli, anayetaka ayatazame majahazi yaliyofunga pale mbele ya mji, yale mabamba ya duara kwenye omo. Mtepe nao, chombo kile cha kale kilichoshonwa kwa kamba bila hata msumari mmoja, ulikuwa na macho. Kwenye makumbusho yetu upo wa mfano. Kuanzia jioni hiyo ami akaacha kujifanya.

Ila alikuwa na kesi moja. Ged anaweza kuita upepo ukaja tangani mwake. "Anayejiletea upepo si nahodha," akasema, "huyo ni abiria." Nikamrudisha nyuma kwenye mafunzo ya waganga wale, kwamba ukiuvuta upepo au mvua hapa kuna mahali pengine umepanyima. Akatikisa kichwa, akasema hapo amesema la maana.

Joka lenyewe, niwe mkweli, lina sura moja tu kitabu kizima. Mwenye kiu ya moto na kurushwa angani atalia amepunjwa. Lakini sura hiyo! Ged anakwenda peke yake kwenye kisiwa cha Pendor, mji uliokuwa na watu sasa una joka mzee na wanawe. Wale vijoka anapambana nao hewani. Kwa mzee hapigani. Anasimama kwenye mashua yake, joka limejizungushia mnara, na wanaanza kupatana bei kama watu wawili walio baraza moja. Silaha ya Ged ni jina. Amesoma vitabu vya kale, amekisia jina la kweli la joka hilo, na katika visiwa vile ukilijua jina la kitu umekishika. Joka nalo lina la kumjibu, na jibu lake linamgusa Ged pale anapoumwa hasa. Siongezi. Kitu kimoja tu: lugha ile ya kale ya uganga, mtu akiisema hawezi kusema uongo ndani yake, lakini majoka yanaweza, kwa sababu ni lugha yao ya kuzaliwa. Mpwa alicheka sana. "Kama wewe na Kiingereza, mjomba. Ukidanganya unarudi Kiswahili."

Wanaotaka majoka zaidi waende mpaka kitabu cha tatu, The Farthest Shore, cha 1972. Mimi nilikisoma kwenye simu na sishauri. Jua la darini na kioo cha simu havipatani, na stima ikipotea jioni betri inakuachia mlangoni mwa mambo.

Cha pili kwangu ni The Hobbit cha Tolkien, cha mwaka 1937. Wengi wameona filamu, wakadhani wamemaliza. Kisomeni, na kisomeni kwa sauti. Kina sura ya vitendawili, Bilbo, shujaa wa kitabu, na kiumbe mmoja gizani wanategana, atakayeshindwa ataliwa. Kwa Kiswahili sura hiyo haihitaji kutafsiriwa sana, inajiendea. Mimi nasema kitendawili, mpwa anasema tega. Kuna kimoja cha kitu kilicho hai bila pumzi, baridi, kila mara kinakunywa wala hakina kiu. Bilbo kinamtoa jasho mpaka samaki anamrukia miguuni ndipo anapata. Mpwa hakuningoja nimalize. "Samaki!" Alidharau kidogo, akauliza huyu Bilbo kwao hakuna bahari?

Halafu mje kwenye joka, Smaug, ambalo linachelewa sana kuja. Tulikuwa tumekwisha maliza karibu robo tatu ya kitabu. Bilbo amevaa pete ya uchawi, haonekani, joka linamnusa na kumuuliza yeye nani. Ukilinyima joka jina litakasirika, ukilipa umekwisha. Basi Bilbo anajitaja kwa mafumbo, jina baada ya jina, yote ya kweli na hakuna linaloeleweka. Kwetu huo ni ufundi unaojulikana. Watu wa Amu wamejibizana kwa mafumbo karne na karne, mwanamke anaweza kukutukana mbele ya wageni kumi ukashukuru. Ami alilifurahia pambano hilo kuliko vita vyote vya mwishoni, lakini aliliona kosa kabla yangu: Bilbo ananogewa na sauti yake mwenyewe, anatoa fumbo moja la ziada, na joka linalifumbua. Watakaolipa si yeye peke yake. "Fumbo ni kama chumvi," ami akasema, nami nikajua hiyo nitaisikia mwezi mzima.

Sasa Naomi Novik, na hapa nina dukuduku la mnunuzi. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 2006, Uingereza kikaitwa Temeraire, Marekani His Majesty's Dragon. Ni kitabu kimoja. Mimi nilinunua vyote viwili kwa muuza mitumba, nikamshukuru kwa kunipunguzia bei, nikajua nimeliwa nilipofungua cha pili na kukuta maneno yaleyale. Mwenye kuvitaka aangalie ukurasa wa kwanza kabla ya kutoa hela.

Hadithi yenyewe ni vita vya Napoleon, ila kila jeshi lina majoka yenye wanajeshi mgongoni, wamefungwa kamba, kuna maofisa, kuna watu wa ishara, kama merikebu inayoruka. Nahodha Laurence, Mwingereza, anateka manowari ya Wafaransa, ndani mna yai, na yai linaangua juu ya sitaha. Joka linatoka likisema, linamchagua yeye, na maisha yake ya manowari yameishia hapo. Linapenda kusomewa vitabu usiku. Mpwa alinitazama kwa jicho la "unaona?". Kadiri vitabu vinavyoendelea joka linauliza maswali ambayo maofisa hawayataki: kwa nini majoka yanapigana na hayalipwi, kwa nini China majoka yanaishi kama watu na Uingereza yanaishi kama ng'ombe.

Kitabu cha nne, Empire of Ivory, kinawaleta Afrika, kwanza Cape Town. Majoka ya Kiingereza yanaumwa, wamekuja kutafuta dawa, na wanakamatwa na dola la Watswana ambako majoka yanahesabiwa kuwa ni wazee waliorudi. Majoka hayo yana hasira, na hasira zao zinashuka kwenye bandari za watumwa. Nilisoma sura hizo bila kutafsiri kwa muda, peke yangu. Sisi wa pwani tuna hesabu yetu na biashara ile, na hesabu yenyewe si safi. Sikutegemea kukumbushwa na kitabu cha majoka. Kasoro ya Novik ni adabu: watu wake wanaombana radhi na kualikana chakula mpaka usingizi unakuja. Kurasa hizo rukeni, hamtapotea.

Mpwa akisoma haya atagombana nami, kwa hiyo niandike na kura yake. Yeye anaweka juu Eragon cha Christopher Paolini. Kijana wa shamba anaokota jiwe la buluu, kumbe ni yai, na joka lake Saphira linasema naye ndani ya kichwa. Mimi kilinichosha; kila kilima kina maelezo yake, na ukishapitia vitabu vingine vya aina hii unajua njia inakopinda kabla hujafika. Lakini Paolini alianza kukiandika akiwa na miaka 15, familia yake ikakichapa wenyewe mwaka 2002, mwaka uliofuata ndipo shirika kubwa likakichukua. Nilifanya kosa la kumwambia mpwa. Sasa daftari la Sayansi lina kurasa kumi na moja za joka linaloishi chini ya mlango wa bahari wa Manda, na mwalimu amenipigia simu.

Kwa wadogo wa miaka minane au tisa kuna How to Train Your Dragon cha Cressida Cowell. Wajue tu kwamba joka la kitabuni ni dogo, lenye ubishi na ulafi, silo lile jeusi la filamu. Dada yangu alikipenda kwa sababu kinachekesha na sura ni fupi.

A Game of Thrones si cha watoto hata kidogo, majoka yake hayasemi, na anayeanza leo ajue kitabu cha tano cha mfululizo huo kilitoka 2011 na hadithi haijaisha. Fourth Wing cha Rebecca Yarros, cha 2023, kina majoka yanayosema, tena yana maneno makali, ila kina vyumba ambavyo mjomba hawezi kuvisoma kwa sauti mbele ya ami. Mpwa wangu wa kike wa Malindi, yeye ni mtu mzima, amekimaliza usiku mbili na hataki kuniambia kina nini.

Kitabu cha nne cha Le Guin, Tehanu, alichokitoa 1990, miaka kumi na minane baada ya kile cha tatu, nimekiagiza. Ami ndiye aliyekitaka, ana haja ya kujua Ged aliishia wapi. Nimepigiwa simu jana kwamba kiko Mokowe. Kesho asubuhi maji yakijaa navuka mwenyewe kukichukua, na kipande cha turubai chini ya kwapa.