Taa za baiskeli kwa elfu hamsini: usinunue boksi

Wadau, habari za usiku. Kelele mtanisamehe, nimesimama pembeni ya barabara ya Bagamoyo hapa Boko, na malori hayawezi kunisubiri nimalize. Saa moja na nusu imegonga. Dogo, geuza kamera uwaonyeshe pembeni ya lami pale. Mnaona kitu? Hamuoni. Sasa hapo ndipo mwenye baiskeli anapopita kila siku akitoka kazini.

Hii taa inayowaka kwenye usukani wangu nimeiwasha saa kumi na mbili na dakika hamsini, kabla hatujaanza kurekodi. Nimeinunua Kariakoo kwa shilingi 20,000. Boksi lake linasema lumeni 10,000, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, na chaji inakaa saa sita. Iacheni iwake, tutairudia.

Nianze na taa ya nyuma. Najua maswali yenu yote ni ya taa ya mbele: ipi kali, ipi inafika mbali. Sikilizeni. Shimo la mbele usipoliona utachubuka magoti, utapaka dawa, utatukana, yataisha. Dereva wa nyuma asipokuona ni habari nyingine kabisa. Kama leo una hela ya taa moja tu, nunua nyekundu ya nyuma, halafu mbele funga tochi yako ya nyumbani kwa mpira wa tairi mpaka mshahara utoke.

Nina mbili hapa. Hii ya mpira laini, ndogo kama chura, ni 4,000. Ndani ina betri mbili bapa zile za CR2032, kama za rimoti ya gari. Ukiwa mjini penye taa za barabarani inasaidia. Hapa Boko? Dogo, rudi hatua hamsini. Eeh, kama sigara ya mtu. Na betri zikiisha unanunua nyingine, kwa hiyo urahisi wake ni wa siku ya kwanza tu. Hii ya pili ni 15,000, inachajiwa kwa waya wa Type-C, huohuo wa simu yako. Angalia ilivyo na kioo pembeni pia, mwanga unatoka kulia na kushoto. Hilo mimi nalipenda sana, maana bajaji inayochomoza kutoka njia ya vumbi haikuoni kwa nyuma, inakuona ubavu.

Sasa, unaifunga wapi? Kuna kaka mmoja hupita hapa alfajiri na tenga la samaki kutoka Kunduchi. Ana taa nzuri kuliko yangu, ameifunga kwenye nguzo ya kiti kama maelekezo yanavyosema. Tenga limeifunika yote! Anamulikia samaki. Ukibeba mzigo, taa ihamie mwisho wa keria, chini ya mzigo, itazame nyuma moja kwa moja. Hata koti refu la mvua linaziba taa ya kiti, kaguaneni.

Kuhusu kupepesa: mwanga unaopepesa unashtua jicho haraka, lakini dereva anapata shida kukadiria uko umbali gani. Ujerumani wameikataza taa ya kupepesa kwenye baiskeli. Mimi usiku naacha iwake mfululizo, kupepesa naweka magharibi kabla giza halijaingia sawasawa.

Haya, twende mbele, kwenye uongo wa lumeni. Hii ya lumeni 10,000 nilishaifungua jana. Betri iliyomo imeandikwa miliampea-saa 2,000, yaani ampea-saa 2, na volti 3.7. Zidisha, unapata kama wati-saa 7.4, yaani umeme wa kuwasha taa ya wati 7.4 kwa saa moja. Sasa chukulia LED inatoa lumeni 100 hivi kwa kila wati moja. Kwa hiyo lumeni 10,000 zinataka wati kama 100. Gawa mwenyewe: betri hii ingeisha kabla ya dakika tano, na hili ganda ungepigia pasi shati. Boksi linasema saa sita! Aliyeandika hakupiga hesabu, au alijua wewe hutapiga.

Ujanja huohuo uko kwenye betri za kubadilisha, zile ndefu za 18650. Ukiona imeandikwa miliampea-saa 9,900, rudisha. Betri halisi za saizi hiyo sokoni huishia kwenye 3,500 hivi, na ina uzito wa gramu 45 au zaidi kidogo. Ya bandia ni nyepesi mpaka mkono unashangaa. Kama una mizani ya jikoni, ipime.

Kitu ambacho boksi halisemi ni umbo la mwanga. Mulika ukutani. Hii ya lumeni 10,000 inatoa duara: nusu ya mwanga inaenda barabarani, nusu inaenda kwenye miembe na machoni mwa bodaboda anayekuja. Na bodaboda ukishampofusha hajui pa kwenda, anakuja kwako. Hii nyingine ya shilingi 35,000 imeandikwa lumeni 400 tu. Oneni ukutani: juu imekatwa kama kwa kisu, mwanga wote uko chini, kama taa ya gari ikiwa fupi. Boksi limeandikwa StVZO, ni kanuni za Kijerumani zinazotaka taa isiwapige watu machoni. Maandishi kila mtu anaweza kuchapa, ndiyo maana nasema mulika ukutani palepale dukani. Muuzaji akikataa, ondoka.

Nimetembea nayo wiki tatu, Tegeta mpaka Mapinga. Kwa lumeni 400 zilizoelekezwa vizuri naona shimo mapema kuliko ile inayojiita elfu kumi. Mapungufu yapo. Mpira wa kufungia unateleza kwenye usukani mwembamba, nimeweka kipande cha tyubu chini yake. Na kitufe chake ukivaa glavu hukipati.

Maji: ukiona boksi limeandikwa IPX4, maana yake inavumilia marasharasha kutoka kila upande, si kuzamishwa. Masika itakutosha kama kile kizibo cha mpira kwenye tundu la chaji kimekaa sawa. Kizibo kikilegea, hata iandikwe nini, maji yataingia.

Mtu atauliza, na dinamo je? Baba yangu alikuwa na Phoenix yenye dinamo ya kusugua tairi, volti 6, wati 3 kwa mbele na nyuma pamoja. Haikuhitaji chaji maisha yake yote. Lakini ukisimama inazima, na mlimani unaisikia miguuni. Kama unayo na inafanya kazi, usiitoe, ongezea tu nyekundu ya chaji nyuma.

Kwa hiyo mimi elfu hamsini yangu imekwenda hivi: 15,000 nyuma, 35,000 mbele, na riflekta za zamani nimezifuta vumbi nikaziacha palepale. Ile chura nimempa dogo aifunge kwenye begi...

Nini? Ngoja, ngoja. Sogeza kamera. Wadau, oneni usukani. Imeanza kufifia... inafifia... imezima. Dogo, saa ngapi? Saa moja na dakika arobaini na saba. Dakika hamsini na saba, na ilikuwa chaji imejaa. Ukirudi kwenye hesabu yetu, hapo ilikuwa inakula wati nane hivi, yaani lumeni 800 kwa kuihurumia.

Washa ile ya 35,000, tuvuke barabara.